KASI YA NAZI IANGUKAYO

Kila mmoja wenu na awe na daftari na kalamu ya risasi, kwa maana leo tutasimulia habari za watu wa zamani, lakini katikati ya habari hizo tutapiga hesabu, na hesabu haipigwi kwa masikio peke yake. Wewe usomaye maneno haya katika karatasi una nafuu kuliko mwenzako aliyeyasikia redioni, maana ukipotea njia waweza kurudi ukurasa wa nyuma.

Katika somo lililopita tulijifunza kutafuta kasi. Tulisema: chukua umbali, gawanya kwa muda. Gari likienda kilomita 120 kwa saa 2, kasi yake ni kilomita 60 kwa saa. Hakuna aliyeshindwa. Lakini nilipokuwa nikitengeneza somo la leo niliona ya kuwa tulipita kando ya shimo bila kulitazama. Gari lile halikwenda kilomita 60 kwa saa wakati wote. Lilisimama kuchukua abiria, likapanda mlima polepole, likateremka mbio. Sasa mtoto akivuka njia ghafula mbele ya gari, dereva hana haja ya kujua kasi ya safari nzima. Ataka kujua kasi ya wakati ule ule. Hiyo hutafutwaje?

Tuache gari, tushike kitu kilicho chepesi zaidi kwa hesabu. Nazi imekatika katika mnazi mrefu wa mita 20. Yaanguka mpaka chini. Je, nukta ile inapogonga ardhi, ina kasi gani?

Aliyetupatia hesabu ya vitu viangukavyo ni Galileo, Mwitalia aliyeishi tangu mwaka 1564 mpaka 1642. Kitu kiangukacho kina mbio mno, na siku zile hapakuwa na saa iwezayo kupima sehemu za sekunde. Basi Galileo alichonga mfereji katika ubao mrefu, akauinamisha kidogo, akaviringisha tufe la shaba ndani yake, ili mwendo uwe wa polepole apate kuuona. Muda aliupima kwa maji: aliyaacha yatiririke kutoka chombo kikubwa kwa tundu jembamba, kisha akayapima uzito yale yaliyotoka. Kitabu chake chenye habari hizo kilipigwa chapa mwaka 1638 katika mji wa Leiden, Uholanzi. Yeye mwenyewe alikuwa kwao Italia, mzee, kipofu, amezuiliwa nyumbani kwake kwa amri ya mahakama ya Kanisa.

Alichokiona ni hiki. Kitu kikianguka kwa muda mara mbili, umbali wake si mara mbili, bali ni mara nne. Muda mara tatu, umbali mara tisa. Kwa vipimo vyetu twaweza kusema hivi: zidisha muda kwa muda, kisha zidisha kwa 5, utapata mita. (Kwa kweli si 5 kamili, ni 4.9, na upepo nao huzuia kidogo. Lakini mwalimu ana ruhusa ya kurahisisha kama ametoa taarifa, nami nimetoa.) Sekunde 1, mita 5. Sekunde 2, mita 20. Sekunde 3, mita 45. Kanuni kama hii, ambayo waipa namba moja nayo yakurudishia nyingine, kama mashine ya kusaga itiwayo mahindi ikatoa unga, huitwa funksheni.

Basi nazi yetu hutumia sekunde 2 kufika chini. Mita 20 gawanya kwa 2 ni mita 10 kwa sekunde. Je, hilo ndilo jibu? La. Hiyo ni kasi ya safari nzima, tena nazi ilipoanza safari ilikuwa imetulia katika kole lake. Sote twajua kwamba nazi ikipita karibu na ardhi ina mbio zaidi kuliko ikiwa juu. Twataka kasi ya nukta ile ya kugonga. Lakini ukishika nukta moja tu, muda ni 0, na katika muda wa 0 nazi imekwenda umbali wa 0. Gawanya 0 kwa 0! Ni kama kugawa mfuko mtupu kwa watu wasiokuwapo. Hapo ndipo shimo lilipo, na watu wenye akili kubwa walizunguka ukingoni mwake kwa muda wa zaidi ya miaka 150.

Chukua kalamu sasa. Hatuwezi kushika nukta, basi tushike kipande kidogo cha muda kabla yake. Katika sekunde ya mwisho, nazi imetoka mita 5 ikafika mita 20, yaani mita 15. Kasi ni 15. Tupunguze kipande. Katika sehemu ya kumi ya mwisho ya sekunde: muda ulikuwa 1.9, nazi ilikwisha kuanguka mita 18.05, imebakiza mita 1.95. Gawanya kwa 0.1, wapata 19.5. Punguza tena, shika sehemu ya mia ya mwisho: wapata 19.95. Sehemu ya elfu: 19.995. Namba hizi zaelekea wapi? Hata aliyeanza darasa mwezi uliopita aona ya kuwa zaelekea 20.

Mita 20 kwa sekunde ni kilomita 72 kwa saa, sawa na gari katika barabara kuu. Wazee wanaowakataza watoto kucheza chini ya minazi hawakosei.

Namba hiyo 20 ndiyo iitwayo derivativu. Nayo elimu nzima ya kutafuta namba za namna hiyo huitwa kalkulasi, neno la Kilatini ambalo maana yake ni kijiwe, kwa sababu Warumi wa kale walihesabu kwa vijiwe. Kama ukifanya hesabu ile ile kwa sekunde 1 utapata 10, kwa sekunde 3 utapata 30. Kwa hiyo huna haja ya kuhangaika kila mara: zidisha muda kwa 10. Funksheni moja, ya umbali, imezaa funksheni ya pili, ya kasi. Habari zetu za leo ni habari za watu waliotafuta njia ya kuzaa hiyo ya pili, kwa kila namna ya funksheni.

Mmoja wao alikuwa Pierre de Fermat, mwanasheria katika mji wa Toulouse, Ufaransa, ambaye hesabu zilikuwa mchezo wake baada ya kazi. Yeye hakuanza na kasi, alianza na swali la kupata kilicho kikubwa kabisa. Tuseme una waya wa mita 40, wataka kuzungushia bustani ya pembe nne iliyo kubwa iwezekanavyo. Upana 8 na urefu 12 ni mita za mraba 96. Upana 9 na urefu 11 ni 99. Upana 10 na urefu 10 ni 100. Ukiendelea, upana 11 na urefu 9, umerudi 99. Angalia jambo hili: mbali na kilele, ukisogea hatua moja eneo hubadilika sana, lakini karibu na kilele halibadiliki ila kidogo tu. Juu kabisa kasi ya badiliko ni 0, kama mpira uliorushwa juu unavyosimama nukta moja kabla ya kurudi. Basi Fermat aliongeza kidogo katika upana, akaandika hesabu yote pamoja na hicho kidogo, akagawanya kwa hicho kidogo, na mwisho akakitupa nje. Alifanya kama mpishi atiaye mchaichai katika chai ili kupata harufu, akautoa kabla ya kumimina. Jibu lilitoka sawa. Lakini hakueleza vizuri kwa nini kitu kilichokuwamo kikaruhusiwa kutupwa.

Mwaka 1665 tauni iliingia Uingereza. Chuo cha Cambridge kikafungwa, wanafunzi wakaenda makwao. Kijana mmoja wa miaka 22, jina lake Isaac Newton, akarudi kwa mama yake katika kijiji cha Woolsthorpe. Baba yake, mkulima, alifariki kabla mtoto hajazaliwa, na mtu yule hakujua kuandika hata jina lake mwenyewe. Nalitaja hili kwa sababu wako kati yenu wanaodhani kwamba elimu ya namna hii ni ya koo fulani tu.

Newton aliona kila kitu kama maji yatiririkayo. Umbali watiririka, eneo latiririka, joto latiririka, na kila kimoja kina kasi ya kutiririka. Kasi hiyo aliiandika kwa kutia kitone juu ya herufi. Katika mwezi wa Oktoba 1666 aliandika makala yenye njia ya kutafuta kasi hizo, naye alikuwa hajatimiza miaka 24. Kisha akafanya nini? Akaiweka katika mtoto wa meza. Alichukia kubishana, na kitu kikipigwa chapa huleta wabishi. Kitabu kamili juu ya njia yake, alichokiandika mwaka 1671, kilipigwa chapa mwaka 1736, na mwenyewe alikufa mwaka 1727. Ubishi alioukimbia ulimkuta hata hivyo, tena ulikuwa mkali kuliko ule ambao angaliupata.

Kwa maana yuko mwingine. Gottfried Wilhelm Leibniz alizaliwa Leipzig, Ujerumani, mwaka 1646, akasoma sheria. Mwaka 1672 alifika Paris kwa shughuli za serikali, na hesabu wakati huo alizijua kidogo. Akakutana na Mholanzi Christiaan Huygens, mtaalamu mkubwa, naye akamwonyesha vitabu vya kusoma. Miaka mitatu baadaye mwanafunzi huyo alikuwa akitengeneza hesabu mpya kabisa. Karatasi zake zimehifadhiwa, nazo zaonyesha hata makosa yake. Nami nawaombeni mlishike kosa moja la mwezi wa Novemba 1675, kwa kuwa ndilo kosa ambalo kila mwanafunzi wa kalkulasi hulifanya mpaka leo.

Leibniz alijiuliza: vitu viwili vinavyokua vikizidishwa pamoja, je, kasi ya jibu si kasi ya kwanza mara kasi ya pili? Yaonekana ni haki. Lakini tuijaribu shambani. Shamba lina urefu wa mita 30 na upana wa mita 20. Eneo ni 600. Mwenye shamba aongeza mita 1 katika urefu na mita 1 katika upana. Kwa dhana ile, eneo lingeongezeka kwa 1 mara 1, yaani mita ya mraba 1. Haya, zidisha: 31 mara 21 ni 651. Limeongezeka 51! Zimetoka wapi? Chora mraba wako katika daftari uone. Kuna ukanda mrefu wa mita 30 uliofuata urefu. Kuna ukanda wa mita 20 uliofuata upana. Na pembeni, zinapokutana kanda mbili, kuna kijisehemu cha mita 1. Jumla 51. Sasa ongeza sentimita 1 tu kila upande. Ukanda wa kwanza ni 0.3, wa pili 0.2, na ile pembe ni 0.0001. Kadiri nyongeza inavyopungua, pembe yapungua mbio zaidi kuliko kanda, mpaka haihesabiki.

Leibniz aliona kosa lake, na kabla mwezi ule haujaisha alikuwa ameandika kanuni ya kweli: kasi ya kitu cha kwanza izidishwe kwa kitu cha pili, kasi ya kitu cha pili izidishwe kwa kitu cha kwanza, kisha jumlisha. Ni kanda mbili zile zile za shamba.

Ukiishika picha hiyo, mengine huja yenyewe. Shamba likiwa mraba, urefu na upana ni kitu kimoja, kwa hiyo kanda mbili ni sawa: derivativu ya mraba wa kitu ni mara 2 ya kitu hicho. Ndiyo maana 5 ya Galileo iligeuka 10. Sanduku lenye pande sawa je? Likikua, huongezewa ubao juu ya nyuso tatu, na kila uso ni mraba. Kwa hiyo derivativu ya kipeo cha tatu ni mara 3 ya mraba. Kipeo cha nne hatuwezi kukichora, lakini desturi ni ile ile: kipeo hushuka mbele, na juu hubaki pungufu moja. Kwa kugawanya nako kuna kanuni yake, ndefu kidogo, nasi hatutaisoma leo.

Mwaka 1684 Leibniz alizipiga chapa kanuni hizi katika jarida la wataalamu la Leipzig. Makala yenyewe ilikuwa kurasa 6 tu, ngumu kama kokwa, karibu haina maelezo. Ndugu wawili wa mji wa Basel, Uswisi, Jakob na Johann Bernoulli, walikaa nayo mpaka wakaifahamu, wakaanza kuwafundisha wengine. Johann alimfundisha tajiri mmoja wa Ufaransa, Marquis de l'Hôpital, naye tajiri akakubali kumlipa livre 300 kwa mwaka ili apewe uvumbuzi wake wapya. Mwaka 1696 tajiri akatoa kitabu cha kwanza cha kufundishia derivativu. Ndani yake imo kanuni nzuri ya kushughulikia zile sehemu zinazokuwa 0 chini ya 0. Mpaka leo kanuni hiyo huitwa kwa jina la l'Hôpital, ingawa aliyeivumbua ni Bernoulli. Jina lilinunuliwa sokoni kama kitenge.

Huko Uingereza fedheha ilikuwa inachemka. Mwaka 1676 Newton alikuwa amemwandikia Leibniz barua, akamdokezea kwamba anayo siri, lakini siri yenyewe aliitoa kwa fumbo: alichukua sentensi yake ya Kilatini, akahesabu ina herufi a ngapi, c ngapi, d ngapi, akaandika hesabu hiyo tu. Hakuna bingwa wa vitendawili ambaye angalifumbua. Sasa Waingereza wakasema Leibniz ameiba. Leibniz akakishitakia Chama cha Wataalamu cha London, kiitwacho Royal Society, apate haki. Kamati ikaundwa mwaka 1712, ikamhukumu Leibniz. Na rais wa chama hicho alikuwa nani? Newton mwenyewe. Na taarifa ya kamati sehemu kubwa iliandikwa na nani? Newton mwenyewe. Ni kesi ya nyani iliyopelekwa kwa ngedere. Leibniz alikufa mwaka 1716 akiwa bado na doa hilo. Wanahistoria waliosoma karatasi za wote wawili wamekubaliana kwamba kila mmoja aliivumbua kwa njia yake: Newton alitangulia kuona, Leibniz alitangulia kupiga chapa.

Hasara ya ugomvi huo iliwaangukia wanafunzi. Waingereza, kwa kumheshimu mtu wao, waling'ang'ania kitone chake kwa zaidi ya miaka 100, wasitake alama za Leibniz, ambaye aliandika herufi d mbele ya kila kitu kinachobadilika. Lakini alama za Leibniz zilikuwa chombo bora. Fikiri baiskeli. Pedali ikizunguka mara 1, gurudumu huzunguka mara 3. Gurudumu likizunguka mara 1, baiskeli huenda mita 2. Basi kwa mzunguko 1 wa pedali, mita ngapi? 3 mara 2, ni 6. Kasi zilizoshikana kama mnyororo huzidishwa, na katika maandishi ya Leibniz jambo hilo huonekana kwa macho, kama sehemu zinazofutana juu na chini. Katika vitone halionekani. Wataalamu wa Ufaransa, Uswisi na Ujerumani wakasonga mbele, hata mwaka 1812 vijana wachache wa Cambridge, mmoja wao Charles Babbage, wakaunda chama cha kuleta herufi d katika chuo chao. Walimu wao hawakufurahi.

Tumesema juu ya vipeo tu, lakini duniani kuna badiliko la namna nyingine. Chukua deni. Jakob Bernoulli aliuliza: shilingi 1 ikikopeshwa kwa riba ya mia kwa mia kwa mwaka, mwisho wa mwaka ni shilingi 2. Lakini mkopeshaji akipiga riba kila nusu mwaka, 50 kwa 100, huwa shilingi 2.25, maana riba nayo imezaa riba. Akipiga kila mwezi, karibu 2.61. Kila siku, karibu 2.71. Mkopeshaji mwenye tamaa angedhani kwamba akipiga kila sekunde atapata utajiri usio na mwisho. Hapati. Hesabu yaenda ikakwama karibu na 2.718. Leonhard Euler, naye mtu wa Basel, aliipa namba hiyo jina la herufi e, na katika kitabu chake cha mwaka 1748 aliieleza sana. Mali iongezekayo kwa njia hiyo ina ajabu moja: kasi ya kukua kwake ni sawa na ukubwa wake wa wakati ule ule. Katika shamba na sanduku, funksheni ilizaa mtoto aliye tofauti naye. Hii yazaa mtoto aliye sawasawa na mamaye. Mwenye deni la riba aijua tabia hiyo bila kusoma kalkulasi: kadiri deni lilivyo kubwa, ndivyo linavyokimbia.

Na ninyi wa pwani mnayo funksheni yenu. Maji yakiwa yamejaa kabisa, hutulia. Hayapandi wala hayashuki, kasi ni 0. Katikati ya kujaa na kupwa ndipo yapitapo kwa nguvu, na mvuvi hujua si saa ya kupiga makasia kuyakabili. Chora kimo cha maji, utapata wimbi. Chora kasi yake, utapata wimbi jingine lililotangulia la kwanza kwa robo ya mzunguko. La kwanza ukiliita sini, la pili ni kosini. Mawimbi haya mawili yalichunguzwa mapema sana katika pwani ya Malabari, India Kusini, nchi ambayo mbao zake zilijenga majahazi mengi ya bahari yetu. Karibu na mwaka 1530 mtaalamu mmoja wa huko, Jyeshthadeva, alieleza hesabu za sini na kosini pamoja na sababu zake, zaidi ya miaka 100 kabla ya Newton. Tena hakuandika kwa Kisanskriti cha wanazuoni, aliandika kwa Kimalayalamu, lugha ya watu wa pale.

Lakini shimo letu je? Mnalikumbuka? 0 gawanya kwa 0. Kanuni zilifanya kazi, zikaeleza mwendo wa mwezi na sayari, na wengi hawakutaka kuulizwa zaidi. Mwaka 1734 akatokea George Berkeley, askofu wa Cloyne huko Ireland. Aliona wanahesabu wengine wakiidhihaki dini kwa sababu ya mafumbo yake, akaamua kuyatazama mafumbo yao. Akauliza swali ambalo mwanafunzi yeyote wa darasa hili angaliweza kuuliza. Ninyi mmegawanya kwa kipande kidogo cha muda. Basi hicho si 0, maana kugawanya kwa 0 ni haramu. Halafu mmekitupa kana kwamba ni 0. Semeni moja: ni kitu, au si kitu? Akawacheka kwamba wanahesabu kwa vizuka.

Walimjibu kwa hasira, na wengine kwa vitabu vinene. Kwa maoni yangu askofu alikuwa na haki yake. Majibu ya hesabu yalikuwa kweli, lakini sababu waliyoitoa ilikuwa mbovu, na hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Jibu safi lilitoka Paris mwaka 1821, kwa Augustin-Louis Cauchy, aliyekuwa akifundisha vijana wa uinjinia. Hakuna mtu anayegawanya 0 kwa 0, alieleza. Rudi kwenye nazi. Namba zetu zilikuwa 19.5, na 19.95, na 19.995. Hakuna hata moja iliyo 20. Lakini 20 ndicho kikomo chao, na neno kikomo lina maana kamili, kama mapatano ya sokoni. Wewe taja tofauti uitakayo, hata iwe ndogo namna gani, nami nitakutajia muda. Wataka kasi isipungue 20 kwa zaidi ya sehemu moja ya elfu? Shika kipande cha muda kilicho kidogo kuliko sehemu moja ya 5,000 ya sekunde, utaipata. Wataka sehemu moja ya milioni? Nina muda wa hiyo pia. Ikiwa sitashindwa kamwe, basi 20 ndiyo derivativu. Hapana kizuka, hapana kitu kilicho kitu na si kitu.

Aliyemalizia kukaza fundo hilo ni Karl Weierstrass, Mjerumani, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mwalimu wa shule za miji midogo, akifundisha watoto hata mwandiko na mazoezi ya viungo, huku hesabu zake akizifanya kwa wakati wake mwenyewe. Alipokuwa amekwisha kupata kazi Berlin, mwaka 1872 aliwaonyesha wenzake mstari wa ajabu. Haukukatika mahali popote, kalamu ingeufuata bila kuinuliwa. Lakini kila mahali ulikuwa na kona, na ukikuza kipande chake wakuta kona nyingine ndani ya kona. Kwa kuwa hakuna mahali unaponyooka, hauna derivativu hata mahali pamoja. Kabla ya hapo wengi walidhani mstari wa namna hiyo hauwezekani.

Wakati wetu umekwisha. Hesabu ya nyumbani ni hii: jiwe limetupwa katika kisima kirefu, likafika majini baada ya sekunde 3. Kwanza tafuta kina cha kisima. Kisha tafuta kasi ya sekunde ya mwisho, ya sehemu ya kumi ya mwisho, na ya sehemu ya mia ya mwisho, uandike kikomo chake. Atakayemaliza mapema na alichukue shamba lile la mita 30 kwa 20, lakini urefu uongezwe mita 1 na upana upunguzwe mita 1, aone kanda zinasemaje. Majibu tutayasoma mwanzoni mwa somo lijalo.